Karo Lisilojaa: Kupima Tope la Choo Karagwe na Kyerwa

Mwenye nyumba anayejisifu kwamba karo lake halijawahi kunyonywa tangu lijengwe hudhani anasifu kazi ya fundi. Katika vilima vya Karagwe na Kyerwa, ambako nyumba hukaa juu katikati ya migomba na chemchemi hutokea chini bondeni, sifa hiyo inapaswa kumshtua afisa afya. Karo linalotumiwa kila siku kwa miaka kumi na mitano bila kuhitaji kunyonywa halina muujiza ndani yake. Huenda limepasuka, huenda halikusakafiwa chini, au huenda tope lake limekuwa likitoroka pamoja na maji bila mtu kujua. Kwa vyovyote vile, kinachoingia kinakwenda mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni chini ya kilima, watu wengine wanakoteka maji.

Wilaya hizi zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipopata hadhi yake mwaka 2012. Kaya nyingi za vijijini bado hutumia vyoo vya shimo. Hata hivyo, katika miji inayokua kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, na katika hospitali, shule za bweni na nyumba za wageni, vyoo vya kumwagia maji vinazidi kujengwa, na nyuma yake kuna karo, yaani tangi la maji taka lililofukiwa ardhini.

Kazi ya karo ni kuyatuliza maji. Kinyesi kizito huzama na kuwa tope, mafuta na povu huelea na kuwa utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba lenye umbo la T kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambako udongo huyachuja. Bakteria waishio pasipo hewa hulimeng'enya tope polepole, lakini hawalimalizi. Kwa hiyo karo zima hujaa maji siku zote, hadi usawa wa bomba la kutolea. Kinachoongezeka mwaka hadi mwaka ni tope, nalo hula nafasi ya maji kutulia. Nafasi hiyo ikiisha, tope hutoka pamoja na maji na kuziba udongo wa shimo la kunyonya. Hapo ndipo gharama hubadilika: badala ya kulipia gari la kunyonya, mwenye nyumba analipia shimo jipya.

Dalili zinazojulikana na wengi ni maji ya chooni kushuka kwa uvivu, bomba kunguruma, harufu, chemba kufurika, na nyasi kustawi kijani juu ya shimo la kunyonya hata wakati wa kiangazi. Ni dalili za kweli, lakini huja zikiwa zimechelewa. Karo katika hili linafanana na shinikizo la damu: mgonjwa hujisikia mzima kwa muda mrefu huku madhara yakiendelea, na njia pekee ya kujua ni kupima.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu kutoka Bukoba. Huchukuliwa mti mnyoofu wenye urefu wa mita mbili au zaidi, sehemu yake ya chini ikafungwa kitambaa cheupe kwa kiasi cha mita moja. Mfuniko ulio karibu na bomba la kutolea hufunguliwa na kuachwa wazi kwa muda. Mti hushushwa taratibu hadi uguse sakafu, ukashikiliwa hapo kwa dakika chache, kisha ukapandishwa. Doa jeusi juu ya kitambaa ndicho kina cha tope. Kwa utando wa juu, kipande cha ubao hupigiliwa kwenye ncha ya mti mwingine, nao husukumwa hadi mpimaji ahisi amepita upande wa pili. Tope likibakiza chini ya sentimita 30 kufikia mdomo wa chini wa bomba la kutolea, au utando ukibakiza chini ya sentimita 15, wakati wa kunyonya umefika. Asiyeweza kuliona bomba atumie kanuni nyepesi: tope na utando kwa pamoja visizidi theluthi moja ya kina cha maji.

Kabla ya mti kushushwa, jicho litazame usawa wa maji. Maji yakiwa chini ya bomba la kutolea, karo linavuja. Yakiwa juu yake, njia ya kutokea imeziba au shimo la kunyonya limekufa, na kunyonya karo kutaleta nafuu ya siku chache tu. Wengi hulipia gari mara mbili kwa mwaka wakitibu ugonjwa usiokuwepo.

Makadirio husaidia kupanga. Wahandisi huchukua takribani lita 40 za tope kwa mtu mmoja kwa mwaka. Familia ya watu sita hukusanya lita 240. Karo la lita 3,000 litafikisha theluthi yake baada ya miaka minne hivi. Karo la ukubwa huohuo kwenye nyumba ya wageni inayolaza watu ishirini kila usiku litafika hapo katika mwaka mmoja na miezi michache. Hesabu hii huvurugika upesi pale watu wanapojisafishia majani makavu ya migomba au magunzi, wanapotupa pedi na nepi chooni, au wanapomwaga jikoni mchanga na majivu ya kusugulia masufuria. Hamira na dawa za kopo zinazosifiwa sokoni haziondoi haja ya kunyonya.

Tahadhari moja haina mjadala. Mtu asiingie ndani ya karo, hata likiwa limekwisha kunyonywa, wala asiinamishe kichwa mlangoni mwake. Tope huzalisha gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo kwa kiwango kikubwa huua uwezo wa pua kunusa. Anayesema harufu imeisha huenda yuko karibu kuzimia. Mara nyingi anayefuata kufa ni yule aliyeruka ndani kumwokoa wa kwanza. Pia kuna methani, hivyo sigara na kibatari vikae mbali. Kazi hii ifanywe na watu wasiopungua wawili, wenye glovu na buti.

Kisha yapo mazingira ya vilima vyenyewe. Gari la kunyonya hutegemea mgandamizo wa hewa, na katika mwinuko wa mita 1,500 mgandamizo huo ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Gari lililosimama barabarani juu, huku karo likiwa bondeni, hupata shida, na tope lililoachwa miaka mingi hadi likawa zito kama udongo wa kufinyangia huenda lisipande kabisa. Karo ambalo gari haliwezi kulifikia limejengwa mahali pabaya, na jambo hilo hufaa kufikiriwa kabla ya tofali la kwanza.

Anayekosa gari hushawishika kutapisha choo usiku wa mvua, au kumwaga tope shambani kwa kuwa migomba hupenda mbolea. La kwanza ni kosa kisheria. La pili lina mantiki ya mkulima, ila mayai ya minyoo ya askaris huweza kuishi katika tope na udongo kwa miaka. Mtoto aliyepewa albendazoli shuleni hurudi kuyaokota mgombani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unashauri kinyesi kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili pale joto lisipozidi nyuzi 20, kabla ya kutumika shambani. Huko huko Karagwe, shirika la MAVUNO na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walijaribu njia nyingine katika mradi ulioitwa CaSa: choo kikavu kinachotenganisha mkojo, kinyesi kikapashwa joto kwenye tanuri ili kuua vimelea, kisha kikachanganywa na mkaa na mabaki ya mimea kuwa mboji. Mbolea ilipatikana, lakini baada ya moto.

Vituo vya afya vina shida yao ya pekee. Dawa ya klorini inayomwagwa kwa wingi katika sinki za wodi ya uzazi na maabara huua bakteria wa karo, na tope hujikusanya haraka kuliko makadirio. Kipimo cha mti hapo kifanyike kila mwaka, na tarehe, kina cha tope na usawa wa maji viandikwe katika daftari lilelile la matengenezo ya jenereta. Miezi ya Juni hadi Agosti hufaa zaidi: ardhi imekauka, gari hupanda kilima bila kuzama, na kama karo linahitaji kunyonywa au kuzibwa ufa, kazi huisha kabla mvua za Septemba hazijaanza.