Mpimaji wa Macho Naye Hupimwa: Faida za Chama cha Kitaaluma kwa Wataalamu wa Optometria

Heru Juu ni mahali pa vilima katika Kasulu, mkoani Kigoma, palipokuwa makao ya Mwami wa Heru katika nchi ya Buha. Mwanafunzi wa huko asiyeweza kusoma maandishi ya ubaoni huhitaji miwani, lakini kabla ya miwani huhitaji mtu wa kumpima macho kwa usahihi. Mtu huyo ndiye mtaalamu wa optometria. Kwa kutazama juu juu, kazi yake ni ya mtu mmoja: chumba, ubao wa herufi, sanduku la lenzi na mgonjwa mmoja kitini. Je, mtu wa namna hiyo ana haja gani na chama? Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuielewa kazi yenyewe, na hasa namna makosa yanavyoweza kujificha ndani yake.

Kazi ya optometria

Mwanga uingiapo jichoni hupindishwa na konea, kisha na lenzi, ili taswira iangukie juu ya retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho. Taswira ikiangukia mbele ya retina, mtu huona vizuri vitu vya karibu, lakini vya mbali huwa na ukungu. Hali hiyo hurekebishwa kwa lenzi iliyobonyea katikati, ambayo hutawanya mwanga kabla haujaingia jichoni.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa diopta, na hupatikana kwa kugawanya 1 kwa umbali wa fokasi katika mita. Kwa mfano, mwanafunzi ambaye mwisho wa kuona kwake sawasawa ni sentimita 50, yaani mita 0.5, huhitaji lenzi ya diopta 2, yenye alama ya kutoa kwa kuwa ni lenzi ya kutawanya. Ubao wa herufi unaotumika kumpima ulitungwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Mwenye kipimo cha 6/12 husoma akiwa mita 6 herufi ambazo mtu mwenye macho mazima huzisoma akiwa mita 12.

Mtaalamu wa optometria hapaswi kuchanganywa na daktari bingwa wa macho, ambaye hutibu maradhi na kufanya upasuaji, wala na fundi anayechonga lenzi na kuzitia katika fremu. Yeye hupima uwezo wa kuona, huandika miwani, na huchunguza dalili za maradhi ili wenye kuhitaji tiba wapelekwe kwa daktari.

Kosa lisiloonekana

Fundi wa viatu akikosea kipimo, mguu hulalamika siku hiyo hiyo. Katika optometria sivyo. Ichukuliwe kwamba yule mwanafunzi wa diopta 2 amepewa lenzi ya diopta 3. Kwa kuwa bado ni kijana, misuli midogo inayoizunguka lenzi ya jicho lake itajikaza na kuifidia diopta moja iliyozidi. Ataona herufi zote waziwazi, na ataondoka akishukuru. Lakini kusoma kitabu kilicho sentimita 33 kutoka machoni huhitaji jicho lijikaze kwa diopta 3. Kwake zitakuwa 4, kutwa nzima. Baadaye huja maumivu ya kichwa na uchovu wa macho, na mwalimu aweza kudhani kwamba kijana ni mvivu wa kusoma.

Kosa la pili ni la mtoto ambaye taswira yake huangukia nyuma ya retina. Naye huweza kulikaza jicho na kusoma ubao mpaka mstari wa mwisho. Asipopimwa kwa mbinu za kuilegeza misuli hiyo, kama vile matone ya dawa, huambiwa kwamba hana tatizo lolote.

Kosa la tatu ndilo zito zaidi. Mtu mzima huja kutafuta miwani ya kusomea; hupewa, naye husoma vizuri. Kumbe ana ugonjwa uitwao na wengi presha ya macho, ambao huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, kwa kawaida bila maumivu, ukianza kula pembeni mwa upeo wa kuona. Asipochunguzwa na kupelekwa kwa daktari mapema, sehemu ya kuona iliyopotea hairudi tena.

Katika mifano yote mitatu mteja huondoka ameridhika. Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili: sifa za mteja si kipimo cha kutosha cha kazi ya mtaalamu. Kazi hiyo huweza kupimwa barabara na wenye ujuzi kama wake tu.

Jinsi vyama vilivyoanza

Huko Uingereza, wapima macho na wauza miwani waliunda chama chao, British Optical Association, mwaka 1895, katika wakati ambapo mtu yeyote aliweza kuuza miwani bila kuulizwa elimu yake. Chama hicho kilianza kuwatahini wanachama na kuwapa vyeti wale waliofaulu. Sheria ya nchi ya kusimamia kazi hiyo na kuunda baraza lake ilipitishwa mwaka 1958. Kwa zaidi ya miaka 60, basi, chama kilitunza kipimo cha ujuzi kabla ya sheria hiyo.

Marekani chama cha taifa kiliundwa mwaka 1898. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya optometria mwaka 1901, na kufikia mwaka 1924 majimbo yote yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Mwaka 1927 vyama vya nchi mbalimbali viliunda umoja wao, ambao leo huitwa Baraza la Dunia la Optometria.

Chama na Baraza nchini Tanzania

Tanzania ina Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na kwa sheria hiyo liko Baraza la Optometria. Kuna pia chama cha hiari cha wataalamu wenyewe, kijulikanacho kwa Kiingereza kama Tanzania Optometric Association. Vyombo hivi viwili visichanganywe. Baraza ni chombo cha sheria: huandikisha wataalamu, na kazi yake ni kumlinda mwananchi. Chama ni cha wanachama: hujengwa kwa ada zao na mikutano yao. Asiyeandikishwa na Baraza hawezi kuhalalishwa na kadi ya chama.

Faida zenyewe

Faida ya kwanza ni elimu isiyokoma. Mafunzo ya optometria hutolewa mpaka ngazi ya shahada huko Moshi, katika chuo kilichoambatana na Hospitali ya KCMC. Kutoka Kasulu hadi Moshi ni mwendo wa kilomita 1000 hivi kwa barabara, na mhitimu akishafika kazini hana mwalimu karibu. Mikutano na machapisho ya chama humpelekea maarifa mapya. Kwa mfano, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 juu ya wanafunzi wa sekondari katika jiji la Mwanza ulionyesha kwamba asilimia 6.1 walikuwa na kasoro kubwa ya kuona iwezayo kurekebishwa kwa miwani, lakini chini ya theluthi yao walikuwa nayo. Jaribio jingine, lililofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, lililinganisha makundi mawili. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa miwani bure waliivaa au walikuwa nayo shuleni. Kati ya waliopewa cheti tu wakajinunulie, ni asilimia 26. Mtaalamu aliyeyasikia haya hujua kwamba kazi yake haiishii kwenye kuandika cheti.

Faida ya pili ni ushauri na rufaa. Mtaalamu aliye peke yake akikutana na jicho asilolielewa, ni rahisi kumwuliza mwenzake anayemfahamu kutokana na chama, au kumtuma mgonjwa kwa daktari anayejulikana, kuliko kubahatisha.

Faida ya tatu ni maadili. Mara nyingi anayepima macho ndiye pia anayeuza miwani, na hapo pana kishawishi cha kumwandikia miwani asiyeihitaji. Kanuni ambazo wenzake wamekubaliana humpa mpaka ulio wazi, na huwapa wenzake haki ya kumwonya.

Faida ya nne ni sauti. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuongeza, kufikia mwaka 2030, kwa alama 40 za asilimia kiwango cha watu wanaopata miwani ifaayo miongoni mwa wanaoihitaji. Lengo kama hilo hudai watumishi, vifaa na lenzi katika wilaya za mbali. Barua ya mtaalamu mmoja ni rahisi kuwekwa kando. Hoja ya taaluma nzima, yenye takwimu, ni vigumu kuipuuza.

Mipaka ya chama

Haifai kuficha kwamba chama kina hatari zake. Ada na nauli ya mikutano ya mijini huweza kumwelemea mtumishi wa wilaya ya mbali. Tena chama chaweza kugeuka kuwa ukuta wa kulinda mapato ya wanachama. Jaribio la wachuma chai wa Assam, India, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza uzalishaji wao kwa asilimia 21.7 zaidi ya wasiopewa. Miwani ya namna hiyo ni rahisi, na huweza kutolewa vijijini na wahudumu waliofunzwa kidogo. Chama kikipinga jambo hilo kwa kuogopa kupoteza wateja, kitamdhuru mwananchi. Kikiwafunza wahudumu hao kumtambua mwenye dalili za ugonjwa na kumpeleka kwa mtaalamu, kitamfaa. Njia ipi itafuatwa hutegemea wanachama wanaohudhuria na kusema, si wale wanaolipa ada na kunyamaza.

Kwa hiyo mwalimu wa Heru Juu anayempeleka mwanafunzi kupimwa macho ana maswali mawili ya kuuliza. La kwanza: je, mpimaji huyu ameandikishwa na Baraza? La pili: je, hukutana na wenzake ili kazi yake nayo ipimwe? Jibu la swali la kwanza laonyesha kwamba mtaalamu alihitimu. Jibu la swali la pili laonyesha kwamba bado anajifunza.