Vazi la Mpira na Joto la Mwili

Mtu asimamaye pwani ya Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, huona mashua zikiwachukua wazamiaji waendao kutazama matumbawe. Wengi wao huvaa mavazi ya mpira yawabanayo sana. Huenda akauliza: Bahari yetu si ya barafu, mavazi haya ni ya nini?

Jibu ni hili. Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digrii 37 hivi, na bahari ya Unguja ina digrii 25 hata 30, kwa kufuata majira. Desturi ya joto ni kutoka palipo na moto kwenda palipo na baridi, na maji hulichukua upesi kuliko hewa, kadiri ya mara 25. Jaribu wewe mwenyewe. Tia maji ya moto katika vikombe viwili vya bati. Kimoja kiweke mezani, cha pili kisimamishe ndani ya sufuria ya maji baridi. Baada ya dakika 10 vishike vyote viwili, nawe utajua kipi kimepoa zaidi.

Hivyo ndivyo apoavyo mtu akaaye majini muda mrefu. Kwanza hutetemeka, kisha vidole hufa ganzi. Akizidi kupoa, akili huzubaa. Na mtu aliyezubaa chini ya maji yu karibu na mauti.

Mpira wa vazi hili hautoki mtini. Zamani watu wa pwani waligema utomvu wa mmea utambaao mwituni, ambao wataalamu waliupa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja. Lakini mwaka 1930, huko Marekani, wataalamu wa kampuni ya DuPont, chini ya Wallace Carothers, walitengeneza mpira uitwao neopreni. Huo hustahimili jua, mafuta na moto kuliko mpira wa mti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California alibuni vazi la neopreni iliyojaa viputo vidogo vya gesi. Gesi haipitishi joto upesi. Kwa sababu hiyo hiyo mto wa sufi huhifadhi joto, kwa maana hewa imefungwa kati ya nyuzi zake.

Walakini vazi hili lina mpaka wake. Katika kina cha mita 10 kani ya kugandamiza huwa mara mbili ya ile ya juu, viputo hubanwa, vazi huwa jembamba, na baridi hupenya zaidi.

Basi kumbuka: vazi halimpi mtu joto, bali hulinda lile alilo nalo. Kwa hiyo mzamiaji mwenye busara, aonapo mwili umeanza kutetemeka, hangoji ganzi. Hupanda polepole, akatoka majini.