Neno Lililokomea Kwangu

Mtu aliyetimiza umri wa miaka 46, mwenye miwani na kitambi cha wastani, hana sababu ya kuvaa kaptura ya kubana na kutokea nayo hadharani kabla ya jua kuchomoza. Hayo si maneno yangu bali ya mke wangu, na nadhani wasomaji wengi wataafikiana naye. Hata hivyo ndivyo nilivyofanya Jumapili moja mtaani Mowlem, mashariki mwa jiji la Nairobi, nikajiunga na marafiki wanaoshindana kwa baiskeli barabarani. Nimefundisha isimu chuoni kwa miaka 15, na asubuhi hiyo ilinikuta sijui jambo ambalo kila mmoja wao alilijua.

Chanzo cha yote ni Kigali. Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika katika mji huo mkuu wa Rwanda, mara ya kwanza kuletwa barani Afrika. Tuliyatazama katika kibanda cha fundi wetu wa baiskeli, kwenye runinga ndogo iliyowekwa juu ya rundo la tairi kuukuu. Siku ya wanaume, njia ilikuwa ya kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Kibandani palizuka mjadala mkali. Mmoja akakumbusha kwamba Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kunolewa na David Kinjah kule Kikuyu. Mwingine akamtaja Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeitwaa jezi ya kijani ya mashindano hayo hayo mwaka 2024. Mimi, kwa ujinga wangu, nikauliza: watu wengi hivyo wakiandamana kwa kasi namna ile, gurudumu la huyu likikaribia kugusa la yule, mbona hawagongani?

Fundi akanitazama kwa huruma. "Daktari," akasema, "njoo mwisho wa juma ujionee."

Kundi lao lina watu tisa. Yupo mwalimu wa hisabati wa shule ya upili, yupo muuguzi, yupo fundi mwenyewe, na yupo kijana mmoja asambazaye mikate madukani kwa ile baiskeli nzito tuiitayo black mamba, ambaye siku ya Jumapili huazimwa baiskeli nyepesi na kuwaacha wote nyuma. Hawana mdhamini wala jezi zinazofanana. Njia yao ni Barabara ya Kangundo, kutoka Mowlem kupitia Njiru na Ruai hadi Kamulu, kisha kurudi. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 40. (Jina la mtaa wetu, wazee husimulia, ni la kampuni ya ujenzi ya Kiingereza iliyowahi kupiga kambi hapa. Kampuni ilikwenda zake, jina likabaki. Mniwie radhi, mwanaisimu halipiti jina bila kulichungulia.)

Jumamosi ilikuwa siku ya mafunzo. Nilidhani nitafundishwa kukanyaga pedali kwa nguvu. Badala yake nilifundishwa habari ya upepo. Mwalimu wa hisabati alinifafanulia kwamba ukiongeza mwendo maradufu, upepo hukukinza si mara 2 bali mara 4. Kwa sababu hiyo waendeshaji hujipanga mstari, kila mmoja akijificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, na aliyejificha vizuri huokoa labda thuluthi moja ya nguvu zake. Wa mbele akichoka hujitenga kando, mstari ukampita, naye akashika mkia. Hivyo watu tisa dhaifu huweza kwenda kwa kasi ambayo hakuna hata mmoja wao angeiweza peke yake.

Lakini kinga hiyo ina gharama. Ukiwa nyuma huoni barabara, unaona mgongo tu. Macho ya mwenzako ndiyo macho yako. Kwa hiyo wana lugha yao, na hapo ndipo niliposisimka kama mtoto aliyeona peremende. Kidole kikielekezwa chini upande wa kushoto maana yake kuna shimo kushoto. Kiganja kikipungwa nyuma ya kiuno maana yake kuna gari lililoegeshwa, sogea. Kiwiko kikitikiswa maana yake nimechoka, pita mbele. Wanafunzi wangu wanajua kwamba lugha ni nasibu, yaani hakuna uhusiano wa lazima baina ya neno na kitu. Basi kile kidole ni ishara elekezi, ambayo hata mgeni angeweza kuibashiri, ilhali kiwiko ni cha nasibu kabisa. Nilitaka kuyaeleza hayo. Fundi akaniambia niziangalie breki zangu.

Pamoja na ishara kuna maneno. Vijana hawa ni wana wa Eastlands, kitovu cha Sheng, na kibandani huzungumza kwa mafumbo hata mimi nikaachwa njia panda. Wakiwa mstarini Sheng yote huwatoka. Husema: Shimo! Tuta! Gari! Maneno ya silabi mbili, mkazo ukiangukia ya kwanza, yakafika kabla upepo haujayanyakua. Neno lenyewe halisemwi mara moja. Wa kwanza humwambia wa pili, wa pili wa tatu, hadi mkiani. "Ukisikia, sema," fundi alinisisitizia mara tatu. Nikaitikia, kama wanavyoitikia wanafunzi wangu nikisisitiza tarehe ya kuwasilisha insha.

Jumapili saa kumi na mbili kasorobo tuliondoka. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Malori ya mawe yaliyozoeleka Njiru yalikuwa machache saa hizo, na matatu zilikuwa bado zinapiga miayo. Tulipokaribia Ruai tulipokewa na harufu ya mabwawa ya majitaka, ambayo huwezi kuiepuka kwa kuziba pua maana pumzi zenyewe unazihitaji zote. Kamulu nilifika wa mwisho, ndimi nje, lakini nilifika. Wakaningoja, wakanipa ndizi na maji. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi vile.

Tuliporudi waliniweka nafasi ya nne ili nisiachwe. Nyuma yangu alikuwa yule kijana wa mikate, aliyeombwa anichunge. Tulikuwa tukiteremka, kasi ikiwa kubwa kuliko nilivyowahi kwenda kwa kitu kisicho na injini. Mwalimu wa hisabati, aliyekuwa mbele yangu, akashusha kidole na kupaza sauti: "Shimo!" Nilisikia. Nilielewa. Nikalikwepa shimo kwa ustadi ulionishangaza mwenyewe, na ule ustadi ukanijaza fahari kiasi kwamba sikusema kitu.

Nilichosikia baadaye kilikuwa sauti ya chuma nyuma yangu, kisha honi ndefu ya lori.

Lori lilisimama. Namshukuru Mungu, na namshukuru dereva nisiyemjua jina. Kijana alikuwa amelala ukingoni mwa lami, mkono wa kushoto ameukumbatia. Nikamkumbuka Suleiman Kangangi, mwendeshaji mashuhuri wa Kenya na nahodha wa Team Amani, aliyeanguka mashindanoni huko Vermont, Marekani, Agosti 2022 na asiinuke. Muuguzi wetu alimpapasa kijana begani, akasema ni mtulinga umevunjika, na daktari wa hospitali alithibitisha hivyo baadaye. Tulipokuwa tukingoja gari la kumpeleka, kijana alinigeukia, wala hakuwa na hasira.

"Mwalimu, uliliona?"

"Nililiona," nikamjibu.

Ningeweza kuijaza safu hii kwa habari ya nani alipaswa kuliziba shimo hilo. Sera ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini ililenga kutenga asilimia 20 ya fedha za ujenzi wa barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na mjadala wa lengo hilo una haki ya kuandikiwa makala yake. Lakini shimo lile lilikuwa limekwisha tajwa. Watu watatu waliliona na kulitaja. Neno lilisafiri salama hadi kwangu, likakoma.

Kila mwaka huchora ubaoni mchoro wa mawasiliano ambao walimu wenzangu wanaujua: mtoaji huku, mpokeaji kule, ujumbe katikati, na kelele zinazoutatiza. Mshale huishia kwa mpokeaji. Akiisha kuelewa, kazi imekwisha, na tunampa alama zake. Miaka 15 sikuwahi kujiuliza baada ya mpokeaji kuna nani. Katika mstari wa baiskeli mpokeaji asiye mtoaji ni hatari kuliko kiziwi, kwa kuwa kiziwi wenzake wangemjua na kumweka pale pasipo na mtu wa kumtegemea. Nami nilipata kumi kwa kumi katika ufahamu.

Mkate haukusambazwa na kijana yule kwa wiki saba. Tulichanga, na mchango wangu ulikuwa mkubwa kuliko wa wengine, kama ilivyostahili. Hata hivyo wateja wake wawili walikwisha pata msambazaji mwingine, na hao hawakurudi. Mama yake alinikaribisha chai nilipokwenda kumtazama, akaniita mwalimu, nikatamani aniite jina jingine lolote.

Mimi niliendelea kwenda kila Jumapili, mkiani. Hakuna aliyenieleza kwa nini nilipangiwa mkiani, na sikuuliza. Mkiani husikia kila neno na huna wa kumpitishia. Kijana aliporejea, mkono ukiwa bado mzito, ndiye aliyemwambia fundi anirudishe katikati, tena mbele yake yeye mwenyewe.

Jumapili iliyopita, basi, nilikuwa wa tatu. Kutoka Kamulu hadi Mowlem nilipaza sauti "Shimo!" mara 11. Mara mbili kati ya hizo, kwa ushahidi wa kijana wa mikate, hapakuwa na shimo lolote.