Mgunga Mmoja, Sisimizi Wanne

Wenzangu mnaotoka Tarime na Serengeti, ule mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi mnaujua. Unapenda udongo mweusi, ule unaokwamisha magari masika. Upepo ukipita kwenye vitundu vya vile vinundu, mti unapiga mluzi. Ukishika tawi, sisimizi wanakuvamia, na hapo nani ana muda wa kuuliza jina? Tunasema tu "sisimizi wa mgunga", basi. Kumbe Afrika Mashariki wanajulikana wanne, na aliyeutawala mti ndiye anayeamua utaishije.

Kwanza, usimchanganye na majimoto, yule anayeshona majani ya mwembe kwa hariri ya mabuu wake. Wa mgunga hashoni kitu. Vinundu ni miiba iliyovimba kwenye kitako, mti unaiotesha wenyewe. Yeye anatoboa mlango na kuhamia.

Sasa mwangalie kwa ubavu. Akinyanyua tumbo lenye umbo la moyo juu ya mgongo, huyo ni wa jenasi *Crematogaster*. Kisha soma rangi: kichwa, kifua, tumbo.

Nyekundu, nyekundu, nyeusi: *C. mimosae*. Ni mlinzi mkali, na mshahara wake ni utomvu mtamu unaotoka kwenye majani.

Nyeusi, nyekundu, nyeusi: *C. nigriceps*, yaani "kichwa cheusi" kwa Kilatini. Analinda vizuri, ila anakata machipukizi ili matawi yasigusane na mti wa jirani wenye maadui. Matokeo yake mti hauzai.

Nyeusi mwili mzima: *C. sjostedti*, aliyepewa jina la Yngve Sjöstedt, Mswidi aliyekusanya wadudu Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Huyu anaishi kwenye mashimo yaliyochimbwa shinani na mabuu ya mbawakawa. Ulinzi wake ni wa kulegalega.

Mweusi, mwembamba, hanyanyui tumbo: *Tetraponera penzigi*. Anatafuna tezi za utomvu, hivyo wapinzani wanakosa cha kufuata.

Utasema, haya, yanatuhusu nini? Tembo anaogopa kuingiza mkonga penye sisimizi wakali. Kule Laikipia, Kenya, ameingia sisimizi mgeni mwenye kichwa kikubwa, *Pheidole megacephala*, anayewaua wenyeji na wala haulindi mti. Mwaka 2024 Mkenya Douglas Kamaru na wenzake walionyesha kwamba alipofika, tembo walivunja migunga mara 5 hadi 7 zaidi. Nyika ikabaki wazi, simba wakakosa pa kujificha, pundamilia wakawa wagumu kukamatwa, simba wakageukia nyati.

Mgeni huyo husafiri na watu: kwenye udongo wa miche, kwenye mizigo. Wilaya zetu zinapakana na hifadhi yenye tembo na simba hao hao. Tusipojua leo nani anakaa kwenye migunga yetu, kesho tutajuaje kwamba ameondolewa?

Kwa hiyo ukienda likizo, fanya hivi. Gonga tawi kwa kijiti, usikate kinundu. Waache wapande kwenye karatasi nyeupe, piga picha kwa ubavu, andika kijiji, tarehe na rangi tatu. Darubini haihitajiki. Mikono mirefu ya shati, hiyo ndiyo usisahau.