Doa la Kioo si Uchafu, ni Jiwe

Jina likikosewa, dawa nayo hukosewa. Sisi tunaofundisha lugha tunaijua kanuni hii kwa upande wa maneno. Leo ningependa kuionyesha mahali ambapo msomaji hakupatarajia: kwenye mlango wa kioo wa bafu lililomo ndani ya gari.

Huko Marekani kuna magari yaliyoundwa yawe nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko, choo na bafu, na wenyewe, wengi wao wakiwa wastaafu, huyaendesha kutoka jimbo hadi jimbo. Ifikapo majira ya baridi, maelfu yao hupiga kambi katika jangwa la Arizona, kandokando ya mji mdogo wa Quartzsite. Niliwahi kukaa nao siku chache nikiwa katika safari ya kikazi. Lalamiko nililolisikia mara kwa mara halikuwa la petroli wala la barabara, bali la ukungu mweupe unaotanda juu ya kioo cha bafu. Waliusugua kwa sabuni, na kesho yake ukarejea pale pale.

Kosa lao lilianzia katika neno. Waliuita ukungu ule uchafu, na dawa ya uchafu ni sabuni. Kumbe ule ni jiwe! Maji yapitayo katika miamba ya chokaa huyeyusha sehemu yake na kuibeba bila kuonekana. Maji ya Mto Colorado, yanayofikishwa Phoenix na Tucson kwa mfereji mrefu, ni ya aina hiyo. Wataalamu huyaita maji magumu, na yakizidi miligramu 180 za chokaa kwa lita huhesabiwa kuwa magumu mno. Tone likikauka juu ya kioo, maji huenda zake hewani, lakini chokaa haina mabawa, hubaki palepale.

Jambo hili si geni kwetu. Mkazi wa Mombasa anayeteka maji katika kisima kilichochimbwa kwenye miamba ya matumbawe anajua jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu. Sabuni ya kipande hufungamana na chokaa ikawa utando mzito usioyeyuka. Kwa hiyo anayeusugua mlango kwa sabuni hiyo akitumia maji magumu huongeza doa juu ya doa.

Je, dawa ni ipi? Jiwe hili halishindwi kwa nguvu, huyeyushwa kwa asidi. Siki ya kawaida ya jikoni ina takriban asilimia 5 ya asidi, nayo yatosha. Loweka kitambaa, kibandike juu ya doa kwa dakika 10 hadi 15, kisha suuza. Ukiona viputo vidogo, hiyo ni gesi ya kaboni ikitoka katika chokaa. Asithubutu mtu kutumia mchanga: chokaa ni laini kuliko kioo, lakini chembe za mchanga ni ngumu kuliko vyote viwili. Doa litaondoka, na mikwaruzo itabaki daima.

Hapa pana onyo kubwa. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Bafu la gari ni dogo mithili ya kabati, na hewa yake ni haba. Humo sumu hiyo haina pa kwenda ila kifuani mwa msafishaji.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Katika gari-nyumba maji safi hukaa katika tangi moja na maji machafu ya bafu katika jingine, na yote mawili yana kikomo. Kila lita ya kuoshea kioo hutolewa huku na kujazwa kule. Aliye na busara, akimaliza kuoga, huvuta kioo kwa mpira wa kupangusia kuanzia juu hadi chini, kisha hukausha kingo kwa kitambaa. Ni kazi ya dakika moja isiyotumia hata tone. Maji yasipokauka juu ya kioo, jiwe halina pa kuzaliwa.

Walimu wenzangu, twafundisha somo la asidi na besi kwa chupa za maabara, tena aghalabu kwa Kiingereza, ilhali siki imo jikoni na ukoko mweupe umo ndani ya birika. Mwanafunzi ajifunzaye kwamba ukoko ule ni chokaa, akalitaja jina lake kwa lugha anayoiota usiku, hatahitaji kuikariri dawa yake. Ataitafuta mwenyewe, na ataiona.