Vitabu vya watoto wa mpakani: Soko lililodaiwa halipo

Mvulana anaitwa Joaquín. Yeye na mama yake wamevuka mto Rio Grande kutoka Meksiko na kuingia Texas, Marekani, na sasa anapita mlango kwa mlango akiuza kuni. Katika nyumba moja anakutana na msichana aitwaye Prietita. Watoto wa mtaani wanamzomea mgeni kwa kuwa ametoka ng'ambo. Prietita anasimama mbele yake na kumkinga. Baadaye gari la askari wa uhamiaji linaingia mtaani, na mwanamke mganga wa mitishamba anawaficha Joaquín na mama yake nyumbani kwake.

Msomaji aliyewahi kuvuka mpaka na mzigo begani hahitaji kuelezwa hofu ya gari hilo.

Kisa hicho kimo katika kitabu cha watoto cha Gloria Anzaldúa, mwandishi aliyezaliwa kusini mwa Texas, jirani na mpaka. Kilitolewa mwaka 1993 na kampuni ndogo ya San Francisco, kikiwa na maneno ya Kiingereza na ya Kihispania pamoja, ili mtoto asome lugha ya shuleni na bibi yake afuatilie kwa lugha ya nyumbani.

Kwa miaka mingi, watoto kama Joaquín hawakuonekana vitabuni. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Kusini, wapatao milioni 62. Hao ni karibu mtu mmoja katika kila 5. Lakini hesabu ya vitabu vya watoto vya mwaka 2018, iliyotokana na takwimu za kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, ilionyesha kuwa vyenye mhusika mkuu Mlatino vilikuwa asilimia 5 tu. Vilivyosimulia habari za wanyama na vitu, kama dubu na magari, vilikuwa asilimia 27.

Sababu iliyotajwa mara nyingi ni ya kibiashara: kwamba vitabu hivyo havina wanunuzi. Mfanyabiashara anajua kasoro ya hoja hiyo. Huwezi kusema bidhaa haina mteja kama hujawahi kuipeleka sokoni.

Mkutubi wa Harlem

Mmoja wa watu wa kwanza kuipeleka alikuwa Pura Belpré, mzaliwa wa kisiwa cha Puerto Rico. Mwaka 1921 aliajiriwa na Maktaba ya Umma ya New York katika tawi la Harlem, akawa mkutubi wa kwanza kutoka kisiwani kwao katika maktaba hiyo. Alipotazama kwenye rafu hakuziona hadithi alizosimuliwa na bibi yake.

Akaanza kuzisimulia mwenyewe, kwa Kihispania na Kiingereza, mbele ya watoto wa wahamiaji na wazazi wao ambao awali waliiona maktaba kuwa si mahali pao. Mwaka 1932 hadithi mojawapo, ya mende wa kike na panya anayemchumbia, ilichapishwa kuwa kitabu. Belpré alifariki dunia mwaka 1982. Tangu mwaka 1996 ipo tuzo yenye jina lake kwa waandishi na wachoraji Walatino wa vitabu vya watoto na vijana.

Tuzo hiyo imesaidia wazazi, walimu na wenye maduka kujua waulize kitabu gani. Mwaka 2019 ilimwendea Yuyi Morales kwa michoro ya kitabu kinachotokana na maisha yake. Mwaka 1994 alitoka Meksiko kuingia Marekani akiwa na mtoto mchanga wa miezi miwili. Hakujua Kiingereza. Mahali palipompokea ni maktaba ya umma ya San Francisco, ambako mama na mtoto walijifunza kusoma lugha mpya kwa vitabu vya picha. Kitabu chake kilitoka mwaka 2018 katika matoleo mawili, la Kiingereza na la Kihispania.

Mwaka 2021 tuzo ya uandishi ilikwenda kwa Ernesto Cisneros, mwalimu wa California. Riwaya yake inamhusu Efrén, mvulana wa darasa la kati ambaye mama yake anakamatwa na kurudishwa Meksiko. Baba analazimika kufanya kazi zaidi, na Efrén anabaki kulea wadogo zake mapacha. Watoto wote watatu wamezaliwa Marekani. Mpaka umepita katikati ya familia moja, na anayeumia ni mtoto.

Magendo ya vitabu

Kuchapisha ni hatua moja. Kitabu kikiwa shuleni, kinaweza pia kuondolewa.

Hilo lilitokea Tucson, mji wa jimbo la Arizona ulio karibu na mpaka wa Meksiko. Shule za huko zilikuwa na somo la historia na fasihi ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Mwaka 2010 jimbo lilipitisha sheria iliyolenga masomo ya aina hiyo, na Januari 2012, shule zikikabiliwa na tishio la kupunguziwa fedha, somo lilisimamishwa. Vitabu viliondolewa madarasani.

Mwandishi Tony Diaz wa Houston, Texas, na wenzake walijibu kwa njia ambayo watu wa mpakani wangeielewa mara moja. Walijiita *librotraficantes*, yaani walanguzi wa vitabu. Machi 2012 walipakia vitabu kwenye basi na kusafiri kutoka Houston kupitia miji kadhaa, ukiwamo El Paso ulio mpakani, hadi Tucson. Njiani waliacha vitabu ili kuanzisha maktaba ndogo za jamii. Hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Jina hilo lilikuwa kejeli kwa wanaoamini kwamba kila anayetoka upande wa mpaka amebeba kitu kibaya.

Kesi ilichukua miaka. Agosti 2017 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba hatua dhidi ya somo hilo zilisukumwa na ubaguzi wa rangi na zilikiuka Katiba. Kwa wanafunzi waliokuwa sekondari mwaka 2012, uamuzi huo ulikuja wakati wamekwisha kumaliza shule.

Kati ya vitabu vilivyokuwa katika masomo hayo ni riwaya ya Sandra Cisneros kuhusu msichana Esperanza anayekulia mtaa wa Walatino jijini Chicago. Mwaka 1984 ilitolewa na Arte Público Press, mchapishaji mdogo aliyeko Chuo Kikuu cha Houston. Baadaye kampuni kubwa ya New York iliichukua, na hadi leo imeuzwa mamilioni ya nakala. Wateja walikuwapo muda wote. Aliyekosekana alikuwa mtu wa kuwafikishia mzigo.

Habari hii ni ya Amerika, lakini wasomaji wa ukurasa huu wanaijua sura yake. Kila asubuhi, kati ya Gisenyi nchini Rwanda na Goma nchini Kongo, kina mama wanavuka kwa miguu wakiwa na nyanya, unga na samaki. Watoto wao wanakua wakisikia Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kabla hawajajua kusoma. Hali ni kama hiyo Busia, Mutukula na Namanga, kwa lugha nyingine.

Belpré hakusubiri kampuni kubwa iamue kama watoto wa Harlem ni soko. Alianza na hadithi ya bibi yake, akaisimulia kwa lugha mbili, na waliokuja kuisikiliza ndio waliokuwa wateja wa kwanza. Mtoto wa mama anayeuza nyanya Goma naye ana bibi, na bibi huyo ana hadithi. Bado inasubiri mtu wa kuiandika, mtu wa kuichapa, na mtu wa kuivusha.