Waifai Inapogoma: Kusakinisha Linux kwenye Kompyuta za Mtumba Likasi

Kompyuta nyingi zinazouzwa Likasi, mji wa shaba na kobalti ulio kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kumfikia mnunuzi wa Katanga: ni laptopu za Dell, HP na Lenovo zilizoondolewa maofisini Ulaya au kupitia Dubai, zikaingia nchini pamoja na shehena nyingine katika mpaka wa Kasumbalesa. Nyingi kati ya hizo hazina nguvu ya kuendesha Windows ya sasa, na ndiyo maana wanafunzi, makatibu wa ofisi ndogo na mafundi huzisakinishia Linux, yaani mfumo endeshi huria ambao kiini chake kilitangazwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, na ambao yeyote anaruhusiwa kuunakili na kuugawa bila malipo. Kazi yenyewe ya kusakinisha haina mashaka makubwa. Linalowakatisha watu tamaa huja baadaye, pale mfumo mpya unapowaka na alama ya waifai isionekane kabisa, au ionekane lakini ikatae kuunganika.

Wengi huamua papo hapo kwamba Linux haiijui waifai, wakarudisha Windows. Hukumu hiyo si ya haki, na ili kuona kwa nini, inafaa kufahamu kwamba kadi ya waifai huhitaji vitu viwili tofauti ili ifanye kazi. Cha kwanza ni kiendeshi, ambacho ni sehemu ya mfumo endeshi inayojua kuiamuru kadi. Viendeshi vya karibu kila kadi ya kawaida vimo tayari ndani ya kiini cha Linux. Cha pili ni fimwea, yaani programu ndogo ambayo haiendeshwi na kompyuta bali na chipu ya kadi yenyewe. Zamani programu ya namna hiyo ilikaa ndani ya kifaa tangu kiwandani, lakini watengenezaji waliona kwamba wakiondoa kumbukumbu ya kuihifadhi wangepunguza gharama, hivyo wakaiacha kazi ya kuipeleka kwenye kadi mikononi mwa mfumo endeshi, kila kompyuta inapowashwa. Katika Windows faili hilo huja limefichwa ndani ya kiendeshi na mtumiaji halioni kamwe. Katika Linux hukaa peke yake, na lisipokuwepo, kadi nzima hubaki bubu ingawa haina kasoro yoyote.

Sababu ya kutokuwepo kwake ni ya kisheria kuliko ya kiufundi. Fimwea nyingi hutolewa na kampuni bila msimbo wake wa asili, ilhali Debian, mradi ulioanza mwaka 1993 na ambao ndio mzazi wa Ubuntu na, kupitia Ubuntu, wa Linux Mint, ulijiwekea kanuni ya kugawa programu huria tu katika diski zake rasmi. Kwa miaka mingi kanuni hiyo ilimaanisha kwamba kisakinishi cha Debian kilisimama katikati ya safari na kuomba faili ambalo mtumiaji hakujua pa kulipata. Wanachama wa mradi walipiga kura mwaka 2022 kulegeza msimamo, na toleo la 12, lililotoka tarehe 10 Juni 2023, likawa la kwanza kuja na fimwea ndani ya diski rasmi. Uamuzi huo, hata kama uliwaudhi watetezi wa uhuru kamili wa programu, uliwafaa zaidi watu wa miji kama Likasi kuliko watu wa miji ambako kebo ya intaneti hutoka ukutani. Tatizo ni kwamba diski za zamani hazikufa siku hiyo. Faili la kusakinishia Ubuntu ya sasa lina takribani gigabaiti 6, na kwa kuwa kulipakua kwa mega za simu ni gharama, watu hupeana flashi mkono kwa mkono, na flashi yenye Debian 10 au 11 inaweza kuzunguka mjini miaka mingi baada ya wakati wake kupita. Swali la kwanza la fundi, basi, linapaswa kuwa juu ya umri wa flashi aliyopewa.

Umri huo una uzito kwa sababu nyingine pia. Chipu ya Realtek aina ya RTL8821CE, iliyofungwa katika laptopu nyingi za bei nafuu kuanzia mwaka 2018 hivi, haikuwa na kiendeshi ndani ya kiini cha Linux hadi toleo la 5.9 la mwaka 2020, na kwa hiyo mashine ileile inayokataa waifai chini ya Ubuntu ya 2018 huikubali bila kuombwa chini ya Ubuntu ya 2022. Hapo hakuna cha kutengeneza. Ni kubadilisha flashi tu.

Kabla ya kugusa chochote, chipu itambuliwe kwa namba, kwa maana kibandiko cha nje hutaja jina la laptopu tu na laptopu za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti. Ubuntu na Mint huruhusu kompyuta kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kilichomo ndani, na huo ndio wakati wa kufungua dirisha la amri liitwalo terminali na kuandika lspci -nnk. Miongoni mwa mistari inayotokea utakuwamo mmoja unaotaja kadi ya mtandao, na ndani ya mabano yake ya mraba namba mbili zilizotengwa kwa nukta pacha, ambapo ya kwanza ni ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek na 14e4 ni Broadcom. Chini yake hutajwa kiendeshi kinachotumika, na mstari huo ukikosekana, kadi imeonekana lakini haijapata wa kuiongoza. Ikiwa kiendeshi kipo na waifai haipo, amri ya sudo dmesg huonyesha kumbukumbu za kiini tangu kuwashwa, na humo maneno ya kutafutwa ni yale yanayosema kwamba fimwea imeshindwa kupakiwa, mara nyingi yakiambatana na kosa namba -2, ambalo maana yake ni kwamba faili halikupatikana. Jina kamili la faili hutajwa hapohapo, na jina hilo ndilo lote linalohitajika.

Kadi za Intel na Atheros kwa kawaida hazisumbui. Broadcom ndiyo yenye sifa mbaya, na sifa hiyo imeipata kwa haki. Chipu yake ya BCM4312, iliyomo katika laptopu nyingi za Dell na HP za miaka ya 2008 hadi 2011, hutegemea fimwea ambayo kampuni haikuruhusu igawanywe na wengine, hivyo hata Debian 12 haiwezi kuiweka ndani ya diski yake; kinachowekwa badala yake ni kifurushi kidogo, firmware-b43-installer, ambacho huenda intaneti, huchukua kiendeshi cha mtengenezaji na kuikata fimwea kutoka ndani yake. Kwa maneno mengine, ili kupata waifai ni lazima kwanza kuwe na intaneti, na ili kupata intaneti ni lazima kwanza kuwe na waifai. MacBook nyingi za miaka ya 2013 hadi 2015, zenye chipu ya BCM4360, hukwama vivyo hivyo kwa kuhitaji kiendeshi kiitwacho wl, kilicho nje ya kiini cha Linux. Miongozo mingi iliyoandikwa ughaibuni humaliza suala hili kwa sentensi moja, kwamba mtumiaji achomeke kebo ya mtandao kwenye rauta, ushauri mwema kwa mwenye rauta. Nyumba nyingi za Kikula au Panda hazina kitu hicho. Intaneti ya Likasi, kama ya sehemu kubwa ya Kongo, imo ndani ya simu.

Na simu inatosha. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha katika mipangilio yake, chini ya sehemu ambayo katika simu za Kifaransa huitwa partage de connexion, ikaruhusiwa kugawa intaneti kupitia USB, Linux huiona kama kadi ya kawaida ya mtandao wa waya na kuunganika baada ya sekunde chache bila fimwea yoyote ya ziada, hata wakati kisakinishi bado kinafanya kazi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba simu hiyo inaweza pia kugawa waifai ya ofisi au ya chuo ambayo yenyewe imeunganika nayo, bila kula mega hata moja za Vodacom, Airtel au Orange, na hivyo ikawa kadi ya waifai ya muda. Sharti ni moja tu, na ndilo linaloangusha watu: kebo iwe ya kupitisha data, kwa kuwa kebo nyingi za rahisi zina nyaya za kuchaji peke yake, na simu iliyochomekwa kwa kebo ya namna hiyo hujaa betri huku kompyuta haina habari nayo.

Mlango ukishafunguka, faili lenyewe mara nyingi halizidi megabaiti chache. Hatari iko kwingine, kwani mfumo mpya ukipata intaneti hutaka mara moja kusasisha kila kitu, na masasisho ya kwanza yanaweza kumeza mega za mwezi mzima. Ni busara muunganisho huo utiwe alama ya kuwa wa kupimwa katika mipangilio ya mtandao, na amri ya kusakinisha itaje kifurushi kimoja kinachotakiwa. Linux Mint inastahili sifa kwa kuwa meneja wake wa viendeshi anaweza kuchukua kiendeshi cha Broadcom kutoka kwenye flashi ileile ya kusakinishia, bila intaneti kabisa, na kwa sababu hiyo peke yake inawafaa waanzaji wa Likasi kuliko Debian ndogo ya diski moja inayotegemea kupakua karibu kila kitu.

Yapo matatizo ambayo hayahusu fimwea hata kidogo. Laptopu za zamani zina swichi ya waifai ubavuni au kitufe cha pamoja na Fn. Amri ya rfkill list husema kama redio imezimwa kwa swichi, jambo ambalo programu haiwezi kulitengua, au kwa programu, ambapo sudo rfkill unblock all hulimaliza. Betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao wa mama ikifa, kompyuta hurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa, na hapo waifai huunganika vizuri lakini kurasa hazifunguki, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kuwa bado havijaanza kutumika. Simu inayogawa intaneti kwa masafa ya gigahezi 5 haiwezi kuonekana na kadi kuukuu inayojua gigahezi 2.4 tu.

La kawaida kuliko yote hayo, na la kuudhi zaidi, ni kibodi. Mashine iliyotoka Ubelgiji au Ufaransa ina kibodi ya AZERTY, wakati kisakinishi kisipoelekezwa huchukulia kwamba ni QWERTY ya Kimarekani. Mtu akibonyeza A hutokea q, akibonyeza Z hutokea w, na akishikilia kitufe cha Shift ili apate tarakimu, kama AZERTY inavyotaka, hupata alama za mshangao na nyinginezo. Kwa vile neno la siri la waifai huandikwa kwa nukta zisizosomeka, mtumiaji huliona likikataliwa mara kwa mara na kuilaumu kadi. Kinyume chake pia hutokea, kwa sababu msakinishaji wa Kikongo huchagua lugha ya Kifaransa na kupewa AZERTY pamoja nayo, hata kama laptopu yake imetoka Dubai na ina herufi za QWERTY. Dawa ni kuandika neno hilo kwanza mahali panaposomeka, au kubonyeza alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku.

Mwenye Broadcom akumbuke jambo moja zaidi. Kiendeshi cha wl huundwa ndani ya kompyuta ya mtumiaji, hivyo hakina saini inayotambuliwa na ulinzi wa uwashaji uitwao Secure Boot katika mashine za kuanzia mwaka 2012 hivi. Ubuntu huomba neno la siri la muda, na kompyuta inapojiwasha upya hutokea skrini ya buluu inayotaka neno hilo lithibitishwe. Anayeipita kwa haraka atakuwa amesakinisha kiendeshi kisichoruhusiwa kuamka. Tena, kazi hii isifanywe na laptopu isiyo na betri inayoshika chaji. Likasi ina mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni karibu yake, kwenye mto Lufira, lakini umeme hukatika kama kwingineko, na ukikatika katikati ya usakinishaji huacha vifurushi nusu nusu, ambavyo hukamilishwa kwa amri ya sudo dpkg --configure -a baada ya umeme kurudi.

Ikibidi kununua kadi nyingine, isinunuliwe kadi ya ndani kabla ya kuuliza, kwa sababu laptopu nyingi za zamani za HP na Lenovo zina orodha ya kadi zinazokubalika na hukataa kuwaka zikiona ngeni. Adapta ya USB haina kizuizi hicho, na yenye chipu ya Atheros AR9271 inafaa zaidi kwa kuwa hata fimwea yake ni huria na imekuwa ikija pamoja na Ubuntu. Muuzaji asiyejua jina la chipu iliyomo ndani ya adapta yake aombwe kuijaribu kwanza kwenye kompyuta iliyowashwa kwa flashi ya Linux, mbele ya mnunuzi, kabla ya fedha kutoka mfukoni.